Taa ya chaji ndani ya Escort ya 1971: tathmini ya gereji moja ya umeme wa magari Mombasa

Kwa muda wa miaka tisa nimelipeleka gari langu la mashindano katika gereji nyingi za Pwani, lakini hii ndiyo mara ya kwanza kuandika tathmini ndefu kuhusu kazi ya umeme. Ninaiandika kwa sababu kazi yenyewe ni ya aina ambayo mafundi wengi huidharau, nayo ni kufunga alteneta, mashine ya kisasa ya kuzalisha umeme wa gari, mahali palipokuwa na dainamo, mashine ya zamani ya kazi hiyohiyo, na kuiunganisha ile taa ndogo nyekundu ya chaji ya dashibodi ili iseme kweli. Gereji ninayoizungumzia iko upande wa Shimanzi, chini ya paa la mabati, na mwenyewe ameniomba nisimtaje kwa jina kwa kuwa kazi alizonazo zinamtosha. Nimeheshimu ombi lake. Nimengoja pia miezi minne baada ya kukabidhiwa gari kabla ya kuandika, maana kazi ya umeme haipimwi siku ya kulichukua gari. Hupimwa baada ya mvua, vumbi na chumvi ya bahari kupita juu yake.

Gari ni Ford Escort ya muundo wa kwanza, ule uliotoka mwaka 1968. Wapenzi wa magari wa nchi hii hawahitaji kuelezwa kwa nini Escort inapendwa, kwani mwaka 1972 Hannu Mikkola na msomaji ramani wake Gunnar Palm walishinda Safari Rally wakiwa ndani ya Escort RS1600, wakawa madereva wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda mashindano hayo. Langu si RS1600. Ni gari la kawaida la mwaka 1971 lililogeuzwa kuwa la mashindano na mmiliki aliyenitangulia, ambaye aliihamishia betri katika buti, akaongeza taa nne za mbele, na akaiacha dainamo ya Lucas C40 iliyokuja na gari.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Dainamo ya aina hiyo, hata ikiwa mpya, haitoi zaidi ya ampea 22, na injini inaposinzia, yaani inapozunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, haitoi karibu chochote. Taa nne za wati 55 kila moja peke yake hula takriban ampea 18, kabla ya kuhesabu taa kubwa za gari, koili ya kuwashia, inayozipa plagi cheche, na pampu ya mafuta. Kila nilipoendesha usiku nilikuwa ninaikopa betri bila kuilipa.

Gereji ya kwanza niliyoiendea, ambayo sitaitaja, iliniuzia alteneta ya Lucas 17ACR yenye uwezo wa ampea 36 na kuifunga kwa siku moja. Niliporudi nyumbani jioni niliona mambo matatu yasiyonipendeza. Nikifungua swichi ya ufunguo, taa nyekundu ya chaji haikuwaka kabisa. Nikiwasha injini, betri haikupata chaji mpaka nikanyage mafuta na kuipandisha injini kupita mizunguko 3,000 kwa dakika, na kuanzia hapo ilichaji vizuri mpaka nizime tena. La tatu, ambalo ndilo lililonitia hofu, ni kwamba niliposhusha swichi kuu ya dharura, ile ambayo mkaguzi wa mashindano au mzima moto huitumia kukata umeme wote kutoka nje ya gari, injini iliendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Nilipouliza, niliambiwa kuwa taa ile ni pambo tu, kwamba wameweka taa ya kisasa ya LED inayodumu zaidi, na kuwa swichi ya dharura ni ya betri wala si ya injini. Ukaguzi wa mashindano yaliyofuata ulinikataa, na ulikuwa na haki.

Nilifika Shimanzi asubuhi ya Jumatatu, wakati wa kusi, nikamkuta mzee mmoja ameketi juu ya kreti na mita yake ya umeme mapajani. Nilimwamkia, nikaanza kumweleza habari za alteneta, naye akanikatiza kwa upole na kuniuliza swali ambalo hakuna fundi mwingine aliyewahi kuniuliza: "Ukifungua ufunguo, taa yako yawaka?" Nilipomjibu kuwa haiwaki, alisimama, akaliendea gari bila kufungua boneti, akauinamia upande wa nyuma wa dashibodi. Baada ya dakika chache alitoka na ile taa ya LED mkononi. "Mwanangu," akasema, "taa ya chaji si pambo. Hii ndiyo inayoiamsha alteneta. Wewe umeilaza na hujui."

Maelezo yake ninayarudia hapa kwa maneno yangu, kwa kuwa yanawahusu wengi wenye magari ya zamani. Ndani ya alteneta kuna rota, ambayo ni sumaku inayotengenezwa kwa umeme. Bila mkondo kupita katika koili ya rota, hakuna sumaku ya maana, na bila sumaku hakuna umeme unaozalishwa, hata pulii, lile gurudumu lake la fenbelti, ikizunguka namna gani. Alteneta ikishaanza kazi hujilisha yenyewe kupitia dayodi tatu ndogo, yaani vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, lakini mwanzo wake lazima utoke nje, na njia ya mwanzo huo ni taa ya dashibodi. Umeme hutoka katika swichi ya ufunguo, hupita ndani ya globu, hufuata waya mwembamba hadi ncha ndogo ya alteneta yenye alama ya IND, hupita katika kaboni, vile vipande vinavyoigusa rota inayozunguka na kuipa umeme, na katika rota yenyewe, kisha humalizikia kwenye bodi ya gari, ambayo ndiyo njia yake ya kurudi kwenye betri. Globu huwaka kwa sababu ina volti 12 upande mmoja na karibu sifuri upande wa pili. Alteneta inapoanza kuzalisha, ncha ile ya IND hupanda mpaka kulingana na volti za betri, na globu ikishakuwa na volti sawa pande zote mbili hukosa sababu ya kuwaka. Taa hii basi ni mizani: inapozima haisemi tu kuwa alteneta inazunguka, inasema kuwa pande mbili zimelingana.

Ukielewa hivyo, utaona kosa la ile LED. Globu ya asili ya wati 2.2 hupitisha takriban ampea 0.18, kiasi kinachotosha kuiamsha rota wakati injini inasinzia. LED ndogo hupitisha sehemu ndogo mno ya kiasi hicho. Kilichobaki ni ule usumaku hafifu uliosalia ndani ya chuma cha rota, ambao huhitaji mzunguko wa kasi sana kabla ya kuzaa umeme wa kutosha kujiendeleza, na ndiyo maana gari langu lilitaka nikanyage mafuta kwanza. Mzee aliniambia kuwa anayeipenda LED kwa sababu zake anaweza kuitumia, mradi rezista, kifaa kinachopitisha mkondo kwa kipimo, iungwe sambamba nayo ili ibebe mkondo ule. Rezista ya omu 68 hupitisha karibu kiasi kilekile cha globu. Kwa gari langu alisisitiza globu ya kawaida, na nilikubaliana naye. Katika gari la mashindano, kitu kinachoweza kubadilishwa kando ya barabara kwa vidole viwili ni bora kuliko kitu cha kisasa kinachohitaji kisaidizi.

Kosa la pili la gereji ya kwanza lilikuwa la uvivu. Waliuacha ule waya wa zamani wa dainamo ndio uwe waya mkuu wa alteneta, na wakalipitisha jambo zima katika kile kisanduku cha kudhibiti dainamo kilichoko kwenye ukuta wa injini. Kisanduku hicho kilikuwa na kazi kuu mbili enzi zake: kudhibiti volti, na kuikata dainamo inapolala ili betri isijimimine ndani yake. Alteneta ya 17ACR ina kidhibiti volti chake ndani, na dayodi zake haziruhusu umeme kurudi nyuma, kwa hiyo kisanduku hakina kazi iliyobaki zaidi ya kupasha moto viungo vyake vilivyokwisha liwa na kutu. Mzee alikiondoa katika njia ya umeme lakini alikiacha mahali pake kwa ajili ya sura ya gari, jambo lililonifurahisha, maana gari la kale likivuliwa kila kitu cha kale huwa halina tena sababu ya kuitwa hivyo.

Waya mkuu mpya ni wa milimita 10 za mraba, kutoka alteneta hadi nguzo ya starta, umepitishwa mbali na bomba la moshi na kufungwa kila baada ya upana wa kiganja. Alinionyesha sababu ya unene huo kwa mita: aliwasha taa zote, akapandisha injini hadi mizunguko 2,000, kisha akaweka ncha moja ya mita kwenye alteneta na nyingine kwenye nguzo ya starta. Mita ilisoma volti 0.15, wakati waya wa zamani ulikuwa ukipoteza zaidi ya volti moja nzima. Kwenye betri yenyewe, huko nyuma katika buti, tulipata volti 13.9 taa zikiwaka na 14.2 zikiwa zimezimwa. Aliishusha pia kasi ya alteneta kwa kuweka pulii pana zaidi. Injini yangu hufika mizunguko 7,000, na pulii ya awali iliizungusha alteneta mara mbili ya injini, yaani mizunguko 14,000 kwa dakika, mwendo ambao aliona ni wa kuilea bearingi kwa mateso. Hasara yake ni chaji pungufu kidogo wakati wa kusinzia, na alinieleza hilo kabla ya kuifunga, si baada ya kuifunga.

Kazi ya swichi ya dharura ndiyo iliyonifanya niwe mteja wake wa kudumu. Swichi niliyokuwa nayo ilikuwa na ncha mbili tu na ilikata njia kati ya betri na gari. Hiyo inatosha injini ikiwa imezimwa. Injini ikiwa inanguruma, alteneta iko upande wa pili wa swichi, na inaendelea kuilisha koili ya kuwashia kana kwamba betri haikuwahi kuwapo. Zaidi ya hayo, alteneta inayonyang'anywa betri ghafla hurusha volti juu sana kwa muda mfupi, na dayodi zake zinaweza kuungua papo hapo. Mzee aliweka swichi ya ncha sita. Mbili nene ni za betri, mbili nyembamba hukata umeme wa koili, na mbili za mwisho hujifunga wakati zile nyingine zinapofunguka, zikaumwaga umeme wa alteneta kwenye bodi ya gari kupitia rezista ya omu 3. Kwa volti 14 rezista hiyo hupitisha chini kidogo ya ampea 5 kwa muda mfupi inapochukua injini kusimama, na betri haiguswi kwa kuwa imekwisha tengwa.

Aliniambia nikae kwenye kiti cha dereva, nipandishe injini hadi mizunguko 4,000 na nishikilie hapo. Kisha yeye mwenyewe, akiwa nje, akaivuta kamba ya swichi ya dharura. Injini ilikufa kabla sijaondoa mguu. Alirudia mara tatu, na baada ya kila mara aliipima alteneta upya kuhakikisha kuwa dayodi zimesalimika. Nimewahi kulipa gereji kubwa zenye sakafu ya vigae, na hakuna iliyowahi kulijaribu jambo la usalama mara moja, sembuse mara tatu.

Sasa niseme yaliyonikera, kwa sababu tathmini isiyo na doa haimsaidii anayetaka kuamua. Niliahidiwa siku mbili, kazi ikachukua siku sita, na siku mbili kati ya hizo gari lilikaa boneti wazi nje ya kivuli, karibu sana na upepo wa bahari kwa gari lenye bodi ya chuma cha mwaka 1971. Nyaya zote mpya ni nyekundu. Nilipouliza kwa nini waya wa taa ya chaji hauna rangi yake tofauti, kijana msaidizi alinijibu, "Kaka, mzee anazijua zote," na sina shaka kuwa anazijua, lakini mimi ndiye nitakayekuwa gizani njia ya Kilifi nikiutafuta waya mmoja kati ya saba. Niliomba mchoro, na mzee aliuchora mbele yangu nyuma ya kalenda ya zamani, kwa mkono safi na bila kusita. Ningependa kama angeutoa kabla ya kuombwa. Na kiungo kimoja, kile cha ncha ya IND, kilikuwa kimebanwa vizuri lakini hakikufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Katika mji huu, shaba iliyoachwa wazi huota ukijani ndani ya msimu mmoja. Nilikifunika mwenyewe.

Kuna jambo lililotokea wiki ya tatu ambalo linastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa lilinifundisha kuisoma taa hiyo. Nilikuwa narudi kutoka Mariakani usiku, taa zote zikiwaka, nikaona ile taa nyekundu ina mwanga hafifu sana, mwanga ambao mchana nisingeuona kabisa. Chaji ilionekana kuwa sawa. Nilidhani dayodi imekufa, nikarudi Shimanzi asubuhi yake nikiwa tayari kulalamika. Mzee hakuigusa alteneta. Alipima upande mmoja wa globu, akapata volti 14.2, akapima upande wa pili, unaotoka kwenye swichi ya ufunguo, akapata 12.6. Tofauti ya volti 1.6 ndiyo iliyokuwa ikiiwasha globu, na mkondo ulikuwa ukipita kinyume, kutoka alteneta kurudi kwenye swichi. Alteneta ilikuwa nzima; kilichokuwa kibovu ni swichi ya ufunguo yenyewe, ambayo viungo vyake vya ndani vilikuwa vimeshikwa na kutu ya miaka hamsini na kupoteza volti njiani. Aliweka rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, ili swichi ya ufunguo ibebe mkondo mdogo tu, na mzigo wa koili na pampu ukapita njia nyingine. Mwanga ule ulikoma siku hiyohiyo. Hakunitoza pesa za ufundi, alichukua bei ya rilei tu.

Tangu siku hiyo ninaisoma taa yangu kama baharia anavyoisoma bendera ya upepo. Ikikosa kuwaka ninapofungua ufunguo, najua globu imekatika, au waya wake, au kaboni za alteneta zimekwisha. Ikiendelea kuwaka injini ikinguruma, kwanza natazama fenbelti, kisha ule waya mwembamba kama umegusa bodi. Ikiwaka wakati ufunguo umefungwa, najua dayodi imetoboka na betri itakuwa imekufa asubuhi, kwa hiyo naishusha swichi kuu kabla ya kulala.

Gharama yote ilikuwa shilingi 21,500. Ufundi ulikuwa 9,000, kuifufua alteneta kwa kaboni na bearingi mpya 4,500, swichi ya ncha sita pamoja na rezista yake 5,000, na nyaya, vichwa vya nyaya na vifaa vidogo 3,000. Nililipa zaidi ya hapo katika gereji ya kwanza, na nikapewa kazi iliyonipeleka kwenye ukaguzi nikiwa na gari lisilozimika.

Anayetaka kwenda afike mapema, kwani gereji hufunguliwa saa mbili asubuhi na foleni hujaa kabla ya saa nne, na siku ya Ijumaa hufungwa kuanzia sala ya adhuhuri. Betri iwe imejaa chaji kabla ya kuondoka nyumbani. Mzee hakubali kupima alteneta juu ya betri iliyochoka, na atakurudisha, kwa upole lakini atakurudisha, ukaichaji kwanza. Akikuuliza habari za taa ya dashibodi kabla ya kufungua boneti, mjibu kwa ukamilifu, kwa sababu nusu ya utambuzi wake wa tatizo hutoka katika jibu hilo. Na umwambie mapema kwamba unataka nyaya za rangi tofauti. Nilimwambia niliporudi kwa ajili ya rilei, naye akafungua sanduku akanionyesha robota nzima ya waya wa kahawia na wa njano, mpya kabisa, ambao alisema hakuna mteja aliyewahi kumwomba.